Mpaka Tuliousaga Ihembe

Nimeacha kazi ya mashine nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Wenzangu wa kikosi wanaita kustaafu, na siku ya mwisho walinipa kitenge na hotuba ndefu kana kwamba nina wajukuu. Sababu ni sikio. Daktari alinipima akaandika kwamba nisirudi kwenye kelele. Sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiozimika, hata kanisani mchungaji anaponyamaza. Kwa hiyo ninyi mnaoanza msimu huu, vaeni vizibo vidogo ndani ya sikio na vifuniko vikubwa juu yake, vyote viwili, hata kwa kazi ya dakika tano.

Msimamizi wa kikosi ameniomba niwaandikie niliyojifunza. Nimeanza kurasa hizi mara nyingi na kuzichana. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lichakae. Wanaonijua wanasema nikiulizwa saa ngapi, kwanza nauliza kwa nini wanataka kujua. Mtanivumilia.

Siku ya kwanza ilikuwa Nkwenda. Nilikuwa na shahada ya misitu na daftari lenye maswali arobaini na mawili, na sikuwa nimewahi kuigusa mashine ya kusaga vichaka. Ilishushwa kutoka kwenye lori karibu na soko, na wanunuzi wa maharage waliacha mizani yao wakaja kuitazama. Kwa mbali inafanana na kijiko cha kuchimbia, maana inatembea kwa mikanda ya chuma, lakini mbele badala ya ndoo ina ngoma nzito yenye meno. Ngoma ikizunguka, kichaka kinaingia kizima na kutoka vipande vidogo vinavyolala chini kama matandazo ya kwenye migomba.

"Hii inachimba madini ya bati?" mtu mmoja akauliza.

"Haichimbi kitu," akajibu opereta. "Inanyoa."

Opereta huyo alikuwa mzee Deogratias, mzaliwa wa Mabira, mtu wa miaka sitini hivi aliyeendesha greda za barabara kabla ya kuja kwetu. Kila nilichojua kwenye kazi hii kilitoka kwake. Nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo mzee. Naitwa Editha. Nina maswali kidogo."

Akaliona daftari. "Anza na lile linalokutisha zaidi. Hayo mengine yatajijibu."

Nikauliza kuhusu mawe. Aliniambia nisimame kando ya mashine, kisha akaanza kutembea akivuka uwanja, akapita vibanda vya chipsi, akapita bodaboda zilizopaki, mpaka akawa mdogo kama kidole. Akapiga kelele kutoka huko: "Hapa! Jiwe linafika hapa, na likifika bado lina hasira!" Tangu siku ile sikusimama karibu na mashine inayosaga, wala sikumruhusu mtu kusimama, na kwa hilo tu niliitwa mwoga katika kata zote za Karagwe na Kyerwa tulizofanyia kazi.

Kabla ya mashine kugusa kichaka, mzee Deo alilitembea shamba kwa miguu. Mkononi alikuwa na panga na fimbo ya mkaratusi, mfukoni vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye hatari. Mwenye shamba alitangulia mbele na jirani alitembea ubavuni, kila jirani kwa upande wake. Mzee alikuwa akitafuta mawe, vyuma vilivyozikwa, mizinga ya nyuki, makaburi na waya. Mimi nilifuata nyuma na simu yenye ramani, nikiweka alama. Aliiheshimu ramani yangu jinsi mtu anavyomheshimu mgeni: aliikaribisha, akaipa kiti, kisha akaendelea na mambo yake.

Kuhusu waya, mtanikumbuka. Kule Mabira tuliingia kwenye boma la zamani la ng'ombe lililomezwa na miiba. Mwenyewe aliapa kwamba seng'enge zote ziliondolewa. Ngoma ilipiga kona moja tu, ikakohoa, ikasimama. Waya ulikuwa umejizungusha humo mara mia, ukakaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Tulilala chali siku nzima na misumeno ya chuma na koleo, tukikata kipande kimoja kimoja. Mwenye boma alituletea uji akakaa kutuangalia. "Kumbe ulibaki kidogo," akasema. Mzee Deo alikuwa na kipande cha waya kati ya meno, kwa hiyo hakumjibu, na nadhani ilikuwa heri.

Mengine ni ya kila siku. Pulizeni rejeta kila baada ya saa chache, maana makapi ya majani huiziba na injini huchemka. Toeni majani makavu karibu na ekzozi. Moto wa kwenye mashine hauanzi na moshi mkubwa. Jino moja likikatika, badilisheni na la upande wa pili, la sivyo ngoma itatetemeka mpaka bolti zilegee. Pazia la minyororo lililo mbele ya ngoma lisipungue hata mnyororo mmoja. Nilikuwa nikiihesabu asubuhi, mchana na jioni. Fred, opereta wetu wa pili, alikuwa akinifuata nyuma akihesabu kwa sauti kubwa, kwa makusudi akiruka namba, ili nianze upya.

Sasa nifike Ihembe, maana ndiko hasa nilikotaka kufika.

Shamba lilikuwa la mzee Projestus. Alifanya kazi Mwanza maisha yake yote, akarudi nyumbani kurithi ardhi ya baba yake, akataka kupanda parachichi. Sehemu kubwa ilikuwa imekaa bila jembe kwa miaka mingi, na vichaka vya lantana vilikuwa vimepanda juu kuliko kibanda cha mashine. Upande wa bondeni alipakana na mjane mmoja, mama Spesioza. Mume wake alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa kwa baba yake Projestus, akamtumikia vizuri, na yule mzee akamkatia kibanja cha kukaa na familia yake. Karatasi haikuandikwa. Wote wawili, aliyetoa na aliyepewa, walikuwa wameshafariki.

Mzee Deo hakuwepo. Dada yake alikuwa amefariki na alikwenda Mabira kumzika. Aliyekuwa kwenye usukani ni Fred, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Siku moja kabla, nilikuwa nimesimamisha kazi saa nzima kwa sababu ya mzinga wa nyuki ambao, baada ya moshi mwingi na maandalizi mengi, tuliukuta hauna hata nyuki mmoja. Fred alilifanyia kazi hilo jambo.

"Dada Editha, siku ya harusi yako, bwana harusi ajiandae. Utamfunga kitambaa chekundu kwanza."

Kikosi kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nililifikiria mpaka usingizi ukanishinda, na asubuhi nikaamka nimeamua kwamba siku hiyo sitakuwa yule mtu.

Tuna fomu ya kutembea shamba, ukurasa mmoja. Mstari wake wa mwisho unasema majirani wote wameonyeshwa mpaka, na msimamizi wa eneo anasaini. Siku hiyo msimamizi wa eneo nilikuwa mimi. Nilimuuliza mzee Projestus alipo mama Spesioza.

"Kaenda zahanati mapema. Tumeshaongea, usiwe na wasiwasi."

"Nimpigie simu tu, mzee?"

"Hana simu. Binti, wewe unaona mawingu yale? Unataka mashine ilale hapa kwa sababu ya mama aliyekwenda kupima presha? Yule ni mtu wetu. Baba yangu ndiye aliyemweka mume wake hapa."

Fred alikuwa ameshawasha injini. Nikasaini. Projestus akatembea kutoka kona hadi kona, nami nikaweka alama zake kwenye ramani. Kulingana naye, mpaka ulikuwa chini kabisa, pale migomba ya mama Spesioza ilipoanzia.

Kazi ilianza vizuri. Nilisimama mbali, ninapoonekana na opereta, kama inavyotakiwa. Kwetu ishara ya kusimama ni mikono yote miwili juu. Karibu na saa nne, mashine ikishuka kuelekea bondeni, niliona katikati ya lantana majani marefu ya kijani yanayoinama kama riboni. Nilijua ni nini. Kwa ambao si wenyeji: huo ni mramura, na hapa Karagwe ndio unaopandwa kwenye mpaka. Hauliwi na mbuzi kirahisi, haufi kwa jua, na mtoto anayeuchezea huchapwa na jirani yeyote aliye karibu. Ulikuwa kama hatua thelathini juu ya mstari alionionyesha Projestus.

Mikono yangu ilifika usawa wa mabega. Kisha nikaanza kufikiri. Nikafikiri kwamba mramura hupandwa pia makaburini na hata uani kwa urembo. Nikafikiri kwamba mmoja peke yake si mpaka. Nikafikiri kwamba nikisimamisha kazi na ikawa si kitu, kama ule mzinga, Fred atakuwa na maneno ya kumtosha mpaka Krismasi. Nikafikiri kwamba mwenye shamba ni mtu mzima, na huenda kweli wameongea. Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilikuwa bado natafakari, ngoma ikapita juu yake. Baada ya hapo nikaona mwingine, ukasagwa. Na mwingine. Sikuinua tena mikono, kwa sababu sasa kuinua kungekuwa kukiri kwamba nilipaswa kuinua mwanzo.

Mama Spesioza alirudi mchana, ameshika mfuko mdogo wa dawa. Alisimama kwenye ukingo wa matandazo mapya, yenye unyevu na harufu ya majani. Fred alizima injini bila kuambiwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Aliitikia kwanza, ndipo akauliza. "Nani amewaonyesha mpaka?"

Projestus akajibu kabla yangu. "Mimi. Nani mwingine? Mpaka ni pale migomba yako inapoishia."

"Migomba inaishia pale kwa sababu nguvu zangu zinaishia pale, bwana Projestus. Shamba haliishii pale. Tangu baba watoto afariki, huku juu sijaweza kulima."

"Maneno hayo."

"Miramura ilikuwa humu. Baba yako aliipanda na mume wangu, mimi nikiwabebea maji."

"Nionyeshe basi. Nionyeshe hata mmoja."

Mama akatazama. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Kuanzia kwenye viatu vyake mpaka kileleni ilikuwa ni matandazo, sawasawa, mazuri, kazi ambayo siku nyingine ningeipiga picha.

"Na mtaalamu mwenyewe ameandika," Projestus akaongeza, akakunjua nakala yake ya fomu. "Majirani wameonyeshwa. Hii hapa saini."

Mama aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma herufi ndogo.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa wazi. Ndani ya kipande kile, upande wa chini, mna kibonde chenye unyevu ambako, mumewe alipokuwa hai, walikuwa wakipanda maharage ya kiangazi, mahali pekee katika kibanja chake panapobaki na maji Julai. Ushahidi wake wa pekee ulikuwa ile miramura. Ushahidi wa Projestus ulikuwa saini yangu.

Jioni nilimpigia msimamizi wa kikosi. Ninayaandika haya kwa ruhusa yake. "Fomu ipo?" akauliza. "Umesaini? Basi sisi tuko salama. Acheni wamalizane wenyewe." Niliona aibu kwa jinsi moyo wangu ulivyotulia kwa dakika nzima.

Mzee Deo alirudi baada ya siku mbili, ndevu hazijanyolewa, bado ana msiba usoni. Nilimweleza yote kando ya mashine, pamoja na ile mikono iliyoishia mabegani. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza jambo moja tu.

"Ngoma mliiweka juu kiasi gani?"

"Kiganja kimoja kutoka ardhini. Ila kule bondeni Fred aliizamisha udongoni ili lantana isirudi. Nilimruhusu."

"Basi huku juu visiki vipo. Mashine yetu inanyoa, haing'oi. Piga magoti, Msomi."

Tulipiga magoti, mimi, yeye na mama Spesioza, tukaanza kufukua matandazo kwa mikono. Mzizi wa lantana ni mweupe uliofifia. Mzizi wa mramura, ukiukwaruza kwa ukucha, ndani una rangi ya karoti. Tulikwaruza kila kisiki tulichokutana nacho. Projestus alikuja akasimama juu yetu, mikono nyuma.

"Mnapalilia nini?"

"Tunamtafuta baba yako," mzee Deo akamjibu bila kuinua kichwa.

Mama ndiye aliyeupata wa kwanza. Hakupiga kelele, aliweka tu kiganja juu yake akakaa hivyo. Tukapima hatua sita, nafasi aliyoikumbuka mama, tukafukua, wa pili ukawepo. Hatua sita nyingine, wa tatu. Kufikia mchana tulikuwa na mitano, tukafunga kamba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na kamba ikapita juu ya yote bila kupinda. Hata Projestus aliikagua kwa jicho moja kama fundi seremala, akasogea kando.

Wa sita hatukuupata. Ndipo tulipofika mahali ngoma ilipoingia udongoni. Vipande vya rangi ya karoti vilikuwepo, vingi, vimesagwa na kutawanywa na kuchanganywa na udongo. Vilikuwa kila mahali, na kwa hiyo havikuonyesha mahali popote. Mama alisema kuanzia pale mpaka ulipinda kulia, ukazunguka kibonde kwa juu. Projestus sasa alisema ulinyooka. Ukinyooka, kibonde ni chake. Tulifukua mpaka kucha zikatoka damu, na udongo haukutuambia kitu.

Baraza la ardhi la kijiji lilikuja kukaa palepale shambani. Mwenyekiti aliiomba fomu, akaisoma taratibu, akauliza nani ameisaini. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa tatu. Niliposimama niliyakunja.

"Ni mimi. Mama hakuwepo. Niliandika kitu ambacho hakikutokea."

"Binti," Projestus akasema, "unajua unachosema? Umesaini kwa mkono wako."

"Ndiyo mzee. Na miramura niliiona kabla haijasagwa. Sikuisimamisha mashine."

Mjumbe mmoja mzee akatikisa kichwa. "Wasomi wa siku hizi, waitu, jamani. Wanasaini hata ya kesho." Watu wakacheka, na kicheko kile nilistahili.

"Kule chini uliiona ikipinda?" mwenyekiti akaniuliza.

Huu ndio ugumu ninaotaka muuelewe. Nilitamani kusema ndiyo. Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi mbele yangu, amenyoosha miguu, na neno moja langu lingemrudishia kibonde. Lakini wakati mashine inashuka bondeni nilikuwa nimeshageuza uso. Niliugeuza makusudi, ili nisione tena.

"Sikuona," nikasema.

Baraza likaamua. Upande wa juu, visiki vitano ndivyo mpaka, na ardhi yote mpaka kwenye kamba ni ya mama Spesioza. Upande wa chini, kwa kuwa hakuna alama na mashahidi wamekufa, wagawane katikati ya maneno yao mawili. Nusu ya kibonde ikaenda kwa Projestus. Miramura mipya ipandwe mvua zikianza, pande zote zikishuhudia.

Fomu ya kikosi sasa ina mahali pa jirani kuweka dole gumba lake mwenyewe, na hakuna anayesaini kwa niaba yake. Hilo mtalikuta. Mkiliona linawachelewesha, kumbukeni kwamba kwa mama Spesioza lilichelewa zaidi.

Mvua ziliponyesha, nilikwenda na mzee Deo. Projestus alikuwa amefika, amevaa koti la mvua, na mwenyekiti alikuwa na futi kamba. Mama Spesioza alikuwa amekata vipandikizi vinane kutoka kwenye miramura ya uani kwake, amevifunga kwa kamba ya mgomba. Nilidhani angempa mzee Deo. Alinipa mimi, pamoja na jembe.

"Panda wewe," akasema. "Mimi nitashika."

Nilichimba. Alichutama kwenye tope upande wa pili wa shimo, akakishika kipandikizi kwa mikono miwili kisiiname, mimi nikarudishia udongo na kuukanyaga. Tulipofika wa nne nilimuuliza, kwa sauti ndogo, mpaka wa kweli ulipita wapi. Hakuonyesha kwa kidole, maana Projestus alikuwa akitutazama. Alitazama tu ng'ambo, kwenye nusu ya kibonde isiyo yake tena, ambako maji ya mvua yalikuwa yameanza kutuama.

"Kanyaga vizuri," akasema. "Huu usije ukaanguka."

Nikakanyaga. Tukasogea hatua sita, nikachimba wa tano.